Aliyesoma nukta nundu kwa macho

Umeme ulikatika saa mbili na robo usiku, katikati ya prepo. Katika chumba cha kitengo chetu cha wanafunzi wasioona walikuwamo wanafunzi saba. Sita hawakujua kama umeme umekatika. Vidole viliendelea kutembea juu ya karatasi, na mmoja wao alikuwa akimsomea mwenzake Historia kwa sauti ya chini. Wa saba alifunga kitabu chake cha nukta nundu (breli, maandishi ya nundu yanayosomwa kwa vidole), akaegemeza kichwa ukutani, akangoja.

Nilikuwa mlangoni na tochi ya simu. Nikamuuliza, "Mbona umeacha?"

"Sioni, Mwalimu."

Nililala na jibu hilo. Kijana alikuwa amefika Kidato cha Kwanza Januari 2019, na huu ulikuwa mwezi wa nane. Kwa miezi saba nilikuwa nimemfundisha, nimemwombea karatasi ngumu na mashine ya kuandikia nukta nundu, nimemwandikia taarifa za maendeleo, na kila fomu yenye nafasi ya aina ya ulemavu niliijaza neno moja: asiyeona. Faili lake la shule ya msingi lilisema hivyo. Nilimwona akiinamia karatasi mpaka pua inaigusa, nikadhani ni mazoea. Sikujiuliza hata siku moja mtu anayesoma kwa vidole anaipeleka pua kwenye karatasi kutafuta nini.

Naandika kwa ajili ya walimu wa sekondari za kawaida zenye wanafunzi wasioona na wenye uoni hafifu, kwa sababu kosa letu ni jepesi kurudiwa, na matokeo ya mtihani hayalionyeshi. Kijana wetu alikuwa akifaulu. Jina lake, shule na mkoa nimeviacha. Yeye mwenyewe sasa ni mtu mzima, ameyasoma haya na ameridhia.

Alivyofika kwenye nukta nundu

Ana ualbino. Alizaliwa Kanda ya Ziwa, na alikuwa mtoto mdogo katika miaka ile ya 2007 hadi 2009, watu wenye ualbino walipokuwa wakiuawa na kukatwa viungo. Serikali iliwakusanya watoto wengi katika shule zenye mabweni, zilizokuwa tayari zikilea watoto wenye ulemavu mwingine: Buhangija kule Shinyanga, Mitindo huko Misungwi, Kabanga mkoani Kigoma, na kwingineko. Kituo chake sitakitaja. Mama yake alimpeleka mwaka 2010, mtoto akiwa na miaka sita. Alimpeleka ili aishi. Habari ya macho haikuwamo kabisa katika uamuzi ule.

Alipofikia umri wa darasa la kwanza, darasa lililokuwa na nafasi ni la wasioona, na mwalimu aliyekuwapo alijua nukta nundu. Basi mtoto akapewa nukta nundu. Akazijua herufi zote kwa muhula mmoja, maana alizitazama. Mtoto anayetegemea kidole huhitaji miezi ya kukizoeza kidole chenyewe kabla hajatofautisha nukta mbili na tatu. Yeye hakuwa na kazi hiyo. Walimu wakamsifu kuwa ni mwepesi. Sifa ile ndiyo iliyowafumba, nasi ikatufumba baadaye.

Ualbino haumfanyi mtu kipofu. Sehemu ya katikati ya retina, utando wa nyuma ya jicho, ile inayoona vitu vidogo, haikomai vizuri. Macho huchezacheza yenyewe. Na mwanga mkali huumiza. Miwani husaidia, lakini haimalizi tatizo. Wengi huangukia kwenye uoni hafifu, ambao kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani ni jicho lililo bora, hata likivaa miwani, kuishia chini ya 6/18 (kuona kwa mita 6 kile ambacho macho mazima huona kwa mita 18) bila kushuka chini ya 3/60. Na wengi wao husoma maandishi ya wino wakiyaleta karibu. Kuyaleta karibu hakuwaharibu macho. Nimesikia walimu wangapi wakimfokea mtoto, "Ondoa uso kwenye daftari!"

Sasa fikiria kusoma nukta nundu kwa jicho la namna hiyo. Karatasi nyeupe, nukta nyeupe. Hakuna wino. Kinachoonekana ni kivuli cha kila nukta, na kivuli hakipatikani taa ikiwa juu ya kichwa. Lazima mwanga utoke ubavuni. Kitabu kikiwa kimechapwa pande zote mbili, mashimo ya ukurasa wa nyuma huchanganyika na nundu za ukurasa wa mbele. Miaka yote ile ya shule ya msingi, na miezi saba kwetu, kijana alikuwa akisoma vivuli. Mwanga uleule uliompa kivuli ulimchoma macho. Nilipofungua daftari la patroni nilikuta jina lake kila wiki: kichwa, kichwa, kichwa, amepewa panadol.

Tulichopima, na alichokuwa akikificha

Asubuhi iliyofuata nilimwomba mwalimu wa Fizikia anisaidie. Hatukuwa na chati ya macho. Tulichapa aya moja ya Kiswahili kwa ukubwa tofauti, 12, 14, 18, 24 na 36, tukamkabidhi kijana karatasi akiwa amekaa mgongo dirishani. Aliikwepa. Alisema herufi za wino hazijui.

Mwalimu wa Fizikia akaweka chupa ya soda mezani, akatoka nje kupokea simu. Aliporudi akamuuliza kwa upole, "Imeandikwa nini?" Kijana alinyamaza muda mrefu, kisha akasoma. Halafu akachukua karatasi yetu akaisoma yote, polepole, ya ukubwa wa 18 bila taabu kubwa na ya 14 kwa kubahatisha. Alikuwa amejifunza herufi za wino peke yake, kwa chupa, fulana na maandishi ya mabasi. Hakuna aliyemfundisha.

Nilimuuliza kwa nini hakusema. "Mwalimu, mkijua naona, si mtanitoa kitengo?"

Kwetu kitengo ni chumba cha kusomea, makabati mawili na mashine. Kwake kilikuwa ni bweni lenye mlinzi usiku, geti linalofungwa, na wenzake sita ambao hawajawahi kumtazama. Maneno hayo ya mwisho ni yake. Tangu ana miaka sita aliambiwa kwa vitendo kwamba anahifadhiwa mahali wanapohifadhiwa wasioona. Akahitimisha mwenyewe kwamba usalama wake unategemea awe haoni. Katika kisa chote hiki, hapo ndipo ninaporudi mara nyingi zaidi. Tulidhani tunashughulika na macho, kumbe mbele yetu alikuwa mtoto aliyejificha.

Hospitalini, kwenye kliniki ya uoni hafifu, walimkuta na 6/60 bila miwani, yaani analoliona kwa umbali wa mita 6 mwenye macho mazima huliona kwa mita 60. Kwa miwani akafika 6/36. Alipewa miwani yenye rangi ya kupunguza mwanga, na baadaye darubini ndogo ya kushika mkononi kwa ajili ya ubao. Mtaalamu alituambia jambo moja zaidi, ambalo naona kila mwalimu angepaswa kulijua. Macho yanayochezacheza huwa na pembe ambayo yakielekezwa hutulia kidogo. Kijana wetu huipata anapogeuza uso kushoto na kutazama kwa upande wa kulia. Walimu wawili walikuwa wamemwadhibu kwa dharau, kwa sababu "hamtazami mwalimu usoni". Alikuwa akiwatazama kadiri alivyoweza. Kwa kumhamishia dawati upande wa kushoto wa darasa, ubao ukawa kuliani kwake, na shingo ikapumzika. Haikugharimu shilingi.

Kosa la pili

Laiti tungeishia hapo tukatulia. Tulifurahi mno. Mkuu wa shule alifurahi, mwalimu wa taaluma alifurahi, na mimi nilifurahi kuliko wote, kwa sababu tulikuwa na mashine nne tu za Perkins kwa wanafunzi saba. Ndani ya wiki mbili mashine yake ilikuwa kwa mwingine, kitanda chake kilihamia bweni la jumla, na yeye alikuwa na madaftari na kalamu kama wenzake wa mkondo.

Mtihani wa Novemba alikuwa wa tatu kutoka mwisho.

Sababu nilizikusanya baadaye, na zote zilikuwa mbele ya macho yangu. Alijua kusoma herufi za wino lakini hakuwahi kuziandika. Kijana wa miaka 15 aliandika kama mtoto wa darasa la kwanza, akiacha mstari na kurukia mwingine, huku wenzake wakichungulia. Ubao kwa darubini ni kazi ya kutafuta neno moja, kulishusha kwenye daftari, kurudi juu kulitafuta linalofuata. Mwalimu akifuta, yeye yuko sentensi ya pili.

Kisha Kiingereza. Watoto wetu wote hutoka kwenye Kiswahili cha shule ya msingi na kuingia kwenye Kiingereza cha sekondari, na tunajua wanavyohangaika. Asiyeona hupanda mlima huo na mwingine juu yake, kwa maana Kiingereza cha nukta nundu huandikwa kwa vifupisho: neno zima "knowledge" ni herufi k pekee, "people" ni p, na "the" ina alama yake moja. Maneno mengi ya Kiingereza kijana alikutana nayo kwanza katika umbo hilo, miezi ile saba ya Kidato cha Kwanza. Alijua maana, alijua matamshi, ila hakuwahi kuona tahajia. Kwenye insha yake ya kwanza ya wino mwalimu wa Kiingereza alikuta "p" na "k" zimesimama peke yake katikati ya sentensi, akazizungushia kalamu nyekundu kama uzembe. Tena nyekundu, rangi ambayo mwanafunzi yule aliiona kwa shida.

Na alikuwa mpweke. Rafiki yake mkubwa kitengoni, asiyeona kabisa, alizoea kusomewa na kijana vibao vya njiani na matangazo, na gizani, wakitoka prepo, rafiki ndiye aliyemshika kijana mkono. Walikuwa wanasoma Jiografia pamoja: mmoja anashika ramani ya kugusa tuliyoitengeneza kwa kamba ya katani na gundi, mwingine anaisoma ile ya kitabuni, wanasahihishana. Sisi tuliona dawati moja na mashine moja, tukawatenganisha.

Mama yake alipiga simu mwezi wa kumi na mbili. "Shikamoo Mwalimu" yake ilikuwa nzito, naye ni mkubwa kwangu. Mimi ndiye niliyepaswa kumwamkia. Akasema, "Mwanangu ananiambia mmemtoa kwa wenzake. Mimi nilimleta kwenu azungukwe na watu." Sikuwa na la kujibu zaidi ya kuomba radhi.

Kikao alichokuwamo mwenyewe

Tulikuwa tumeshakaa vikao viwili juu yake na hatukumwita. Januari 2020 tulimwita. Aliomba mambo matatu: kurudi kulala kitengoni, kupata mashine jioni mbili kwa wiki, na mwandiko wake usisomwe mbele ya darasa. Hakuomba kingine. Mwalimu wa taaluma alihofia kwamba tukimrudisha kitengoni anayeona, wengine watadai vilevile. Hoja hiyo niliielewa kwa sababu mimi pia ninahesabu vitanda, lakini ilikuwa hoja ya vitanda. Akarudi.

Fundi seremala wa shule alitengeneza kiegemeo cha mbao kilichoinuliwa, ili kitabu kimfuate usoni asijikunje mgongo. Nilikata kadi nyeusi yenye dirisha la mstari mmoja. Anaiteremsha ukurasani na mistari mingine inafichika. Madaftari tuliyakoleza mistari kwa makapeni. Kofia ilileta ubishi mrefu kuliko vyote, maana kanuni za shule zinakataza kofia darasani, na madarasa yetu yana madirisha upande wa mashariki. Mwalimu wa nidhamu alikubali baada ya kukaa kwenye dawati la kijana saa tatu asubuhi. Mafuta ya kukinga jua, yale ya Kilisun yanayotengenezwa Moshi, tuliyaingiza kwenye orodha ya patroni kama dawa nyingine yoyote, asiwe mtu wa kuyaomba kama hisani.

Kilichosaidia zaidi hakikuwa kifaa. Mwalimu wa Hisabati alianza kutamka kila anachoandika, wakati anakiandika: "mabano, eksi jumlisha tatu, funga mabano, kipeo cha pili." Awali ilikuwa "hii tunaileta hapa, ile inakwenda kule". Kwa asiyeona, "hii" na "kule" ni ukimya. Darasa zima la wanafunzi zaidi ya hamsini, wengi wao wakikaa nyuma wasikoona ubao vizuri hata kwa macho mazima, lilianza kumfuata. Mwalimu wa Jiografia hakubadilika, na hadi leo nadhani alama za Jiografia za wanafunzi wote saba zilibeba hilo.

Simu ingemsaidia sana kijana huyu. Kamera ya simu ya kawaida hukuza maandishi kuliko lenzi ya bei kubwa, na humsomea asiyeona ukurasa kwa sauti. Shuleni kwetu simu ni kosa la kusimamishwa masomo. Tuliruhusu moja ikae ofisini kwangu, itumike hapo tu. Naona ni kidogo mno, na nimeendelea kusema hivyo kwenye kila kikao.

Tarehe 17 Machi shule zilifungwa kwa sababu ya korona. Aliondoka na bahasha ya notsi zilizochapwa kwa ukubwa wa 18, nami nilijua kwamba nyumbani hakuna wa kumsimamia. Shule zilipofunguliwa tarehe 29 Juni alirudi na kaunta buku mbili zimejaa. Dada yake mdogo alikuwa akimchorea mistari kwa makapeni kila asubuhi kabla ya kwenda kisimani, naye alinakili. Mwanzo alinakili notsi zangu. Zilipokwisha alinakili kila kilichoandikwa ndani ya nyumba, pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto wa jirani. Mwandiko ulikuwa mkubwa, umeinama, na ulisomeka.

Mtihani

Baraza la Mitihani huandaa karatasi za nukta nundu kwa wasioona na karatasi za maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu, na huwaongezea muda: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Mtihani wa saa tatu wa Hisabati unakuwa wa saa nne. Lakini lazima shule iseme mapema mtahiniwa ni wa kundi gani, na hapo ndipo faili la "asiyeona" lingemfikia tena kijana wetu bila mtu kulisukuma.

Mwalimu wa taaluma alitaka nukta nundu, kwa sababu mwandiko ulikuwa bado wa polepole. Mimi nilitaka maandishi makubwa. Kijana alisikiliza wote wawili, akauliza kama karatasi ya nukta nundu huwa imechapwa pande zote mbili. Nikamwambia sina hakika. "Basi wino," akasema.

Alifaulu mtihani wa Kidato cha Pili wa Novemba 2020. Uraia na Historia alipata chini ya uwezo wake, masomo ambayo yana maelezo marefu, na naamini kwa mashine angeandika zaidi. Kuna mwenzangu anayeamini tulipaswa kumwacha amalize kidato kile kwa nukta nundu kisha tumhamishe taratibu. Huenda ni kweli. Ninachoshikilia ni kwamba maumivu ya kichwa ya kila wiki yalikoma.

Kidato cha Tatu akaja ofisini na ombi ambalo sikulitarajia: alitaka kujifunza nukta nundu. Nilimwambia anazijua. "Nazijua kwa macho, Mwalimu. Saa kumi jioni macho yamechoka." Rafiki yake ndiye aliyemfundisha. Alimfunga kitambaa usoni, akamshika kidole cha shahada, akamrudisha kwenye herufi a. Ilimchukua mwaka mzima kufika pale alipofika kwa macho katika muhula mmoja, na mara kadhaa alikasirika akakivua kitambaa. Rafiki yake alikuwa akitambua kwa sauti ya karatasi kwamba mwenzake ameinama, anachungulia, na alikuwa akimpiga kidogo begani.

Mtihani wa Kidato cha Nne wa 2022 alifanya kwa maandishi makubwa. Notsi zake za marudio ya usiku zilikuwa za nukta nundu, za ukurasa upande mmoja.

Januari hii wamekuja wanafunzi watatu wapya wenye ualbino, kila mmoja na faili lake, na mafaili mawili yameandikwa "asiyeona". Jioni ya kwanza niliwaweka chumba cha kitengo pamoja na wengine, nikawaeleza kwanza kwamba kitanda cha kila mmoja ni chake mpaka amalize shule, hata akisoma gazeti kutoka upande wa pili wa barabara. Kisha nikawaomba ruhusa, nikazima taa.